Kusafirisha redio nzito za zamani kwenda na kutoka Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wanaomiliki, wanaonunua au wanaokarabati redio za valvu (zile zinazotumia taa za kioo badala ya transista) na mitambo ya mawasiliano ya zamani katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Wengi wao hulazimika kupeleka mzigo wa kilo 30 au 40 kwa fundi aliyeko Dar es Salaam, au kupokea mzigo kama huo kutoka nje ya nchi. Msimamo wangu ni kwamba gharama ipunguzwe kwenye njia ya usafiri na kwa kuunganisha mizigo. Isipunguzwe kamwe kwenye kasha wala kwenye vitu vya kukingia mshtuko.

Redio zinazozungumziwa hapa zina uzito gani?

Uzito wake huwashangaza wengi waliozoea redio za siku hizi. R-390A, redio ya kupokelea iliyobuniwa na Collins kwa ajili ya jeshi la Marekani, ina takriban kilo 38. Hammarlund SP-600 na Racal RA-17 ya Uingereza zote zinakaribia kilo 30, na RCA AR-88 ya wakati wa Vita Kuu ya Pili inafika kilo 45 hivi. Mtambo wa kurushia wa Heathkit DX-100 nao hauko mbali na hapo. Radiogramu za mbao (redio na santuri katika kabati moja), zile zilizopamba sebule za wazee na nyumba za mashamba ya chai, huwa nyepesi kidogo kuliko mitambo hii, lakini kwa ukubwa wake na wepesi wa mbao zake kuchubuka, husumbua kwa namna nyingine.

Kwa nini redio huvunjika ndani ya boksi ambalo halina hata mkwaruzo?

Kwa sababu redio nzito huvunjwa na uzito wake yenyewe. Tuseme imedondoka kutoka kimo cha sentimita 30, yaani chini ya kimo cha buti la basi, na sakafu ikaisimamisha ndani ya nusu sentimita tu. Kwa kitambo hicho kifupi kila kilichomo ndani hupata nguvu ya takriban mara 60 ya uzito wake wa kawaida. Transfoma ya kilo 7 huivuta chasisi, yaani fremu ya bati inayobeba vipuri, kana kwamba ina zaidi ya kilo 400, na bati la chasisi, ambalo halikuundwa kubeba mzigo huo, hupinda. Chasisi ikishapinda, mihimili ya kuzungushia mawimbi hukwama, meno ya gia huacha kukutana sawasawa, na waya zilizounganishwa miaka 60 iliyopita huachia.

Ikiwa redio hiyohiyo itasimamishwa polepole, ndani ya sentimita 5 za sponji inayofaa, nguvu hiyo hushuka hadi mara sita au saba ya uzito wake, na hapo transfoma ya kilo 7 huwa kama mzigo wa kilo 50 hivi. Kazi yote ya kufungasha ni kuipatia redio hizo sentimita chache za kusimamia kwa utaratibu, kila upande, na kuhakikisha kwamba bado zipo baada ya kilomita 800 za barabara.

Kuna udhaifu mwingine ambao wengi hawauoni. Redio nyingi za aina hii zimeshikiliwa na paneli ya mbele peke yake. Skrubu nne au sita za paneli huiunganisha na kabati, na sehemu yote ya nyuma, mahali transfoma ilipo, huning'inia hewani au huegemea vyuma viwili vyembamba. Kabla ya kuifunga redio, ifungue kabati uangalie chini ya chasisi kwa nyuma. Ukiona nafasi, weka kipande cha mbao laini kilichopimwa vizuri kati ya chasisi na sakafu ya kabati, kisha ukizuie kisihame.

Kasha liwe la aina gani?

Liwe la plaiwudi ya milimita 9 hadi 12, lenye fremu ya mbao kwenye pembe zote, na lifungwe kwa skrubu. Misumari huachia kidogo kidogo kwa mtikisiko, na mpokeaji atalazimika kulivunja kasha kwa nyundo karibu kabisa na mzigo wako. Katika jambo hili sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ambayo wenzetu wa pwani hawana. Mafinga ipo jirani na msitu wa Sao Hill, mbao za paini na plaiwudi hupatikana hapo kwa urahisi, na seremala yeyote wa kawaida ataliunda kasha hilo ukimpa vipimo sahihi.

Vipimo vinapatikana hivi. R-390A ina upana wa sentimita 48, kimo cha sentimita 27 na kina cha sentimita 43. Ongeza sentimita 7 za sponji kila upande na sentimita moja ya plaiwudi kila upande, na utapata kasha lenye sentimita 64 kwa 43 kwa 59 kwa nje. Ndani ya kasha hilo iweke redio kwanza kwenye boksi la karatasi ngumu linaloibana vizuri, ili sponji isukume ubapa wa boksi na isisukume vishikio, swichi na vioo vya paneli.

Mwombe seremala aweke miguu miwili ya mbao chini ya kasha, yenye kimo cha kutosha kuingiza vidole, na mishikio miwili imara ubavuni. Gharama yake ni ndogo, na faida yake inaonekana mzigo unapofika kwa wapakiaji. Boksi la kilo 20 lisilo na mshikio hurushwa kutoka mkono hadi mkono, ilhali kasha la kilo 50 lenye mishikio hushikwa na watu wawili, na kwa kuwa haliwezi kurushwa, hutuliwa chini.

Je, sponji ya godoro inatosha?

Sponji laini ya godoro haifai kuwekwa peke yake chini ya redio nzito. Redio huikandamiza hadi mwisho kabla safari haijaanza, na hakuna kinachobaki cha kupokea mshtuko. Tafuta sponji nzito, ile inayouzwa kwa ajili ya magodoro magumu au makochi. Iweke chini ya redio na uangalie: ikizama zaidi ya theluthi moja ya unene wake, bado ni laini mno. Juu na ubavuni, ambako uzito ni mdogo, sponji ya kawaida inaweza kutumika.

Magazeti yaliyokunjwa, nguo kuukuu na punje za stairofomu visitumike. Redio nzito huzama taratibu katikati ya vitu hivyo kwa sababu ya mtikisiko, na ifikapo Mikumi inakuwa imeshafika sakafuni.

Valvu zitolewe au zibaki?

Valvu ndogo zilizofunikwa kwa makopo ya bati zinaweza kubaki mahali pake, kwa kuwa makopo hayo huzishikilia. Valvu kubwa za kioo, hasa zile za kurushia kama jozi ya 3-500Z iliyomo kwenye Heathkit SB-220, mtambo wa kuongeza nguvu ya mawimbi, lazima zitoke. Kila moja ifungwe peke yake, isafirishwe ikiwa imesimama wima, na ikiwezekana ibebwe mkononi na msafiri. Kabla ya kuzitoa, piga picha ya chasisi kutoka juu na uandike namba kwenye kila soketi, kwa maana fundi wa upande wa pili hatajua ulivyozipanga.

Je, nigawe mzigo ili uwe mwepesi?

Inategemea mtambo wenyewe. Mitambo iliyotengenezwa na sanduku la umeme la pembeni, kama National HRO na koili zake za kuchomeka, igawe bila wasiwasi. R-390A iliundwa kwa sehemu zinazotoka, na sehemu ya umeme pamoja na ile ya sauti hufunguliwa kwa skrubu zilizopakwa rangi ya kijani. Sehemu ya gia na mawimbi ya juu iache hapo hapo, kwani kuitoa huharibu mpangilio ambao fundi mzoefu huhitaji saa nyingi kuurudisha.

Kwa mitambo ya kuongeza nguvu, kuitoa transfoma kubwa na kuipeleka katika kasha lake yenyewe ndiyo njia salama kuliko zote. Andika rangi ya kila waya kabla ya kuifungua, piga picha, kisha uifunge transfoma kwa bolti kwenye ubao wa chini wa kasha hilo.

Kati ya basi, lori na treni, kipi kinafaa zaidi?

Basi ni la haraka na ndilo watu wengi hulitumia. Mzigo uliopokelewa jioni katika Stendi Kuu ya Mbeya au Igumbilo, Iringa, huweza kuchukuliwa Kituo cha Magufuli, Mbezi, siku inayofuata. Tatizo lake ni buti. Ukisimama pembeni wakati wa kupakia utaona jinsi viroba vya mchele wa Kyela, mikungu ya ndizi za Tukuyu na masanduku ya abiria vinavyosukumwa hadi mlango ufungwe kwa kulazimishwa, na kasha lako litakuwa chini yake au juu yake kutegemea lilifika saa ngapi. Nenda mapema, zungumza na konda mwenyewe, na uombe kasha liwekwe sakafuni, kwenye ubavu wa buti, likiwa halijalazwa. Bei ya mzigo wa basi mara nyingi hukadiriwa kwa macho, hivyo kasha dogo lenye uzito mkubwa linaweza kukugharimu kidogo kuliko ulivyotarajia. Hata hivyo, utaje uzito wake wa kweli, kwa ajili ya migongo ya wanaolibeba. Usafirishaji wa vifurushi na vipeto unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata ukifanywa na kampuni ya mabasi, basi chagua kampuni yenye leseni na inayotoa risiti.

Lori huchukua muda mrefu zaidi, lakini kwa mizigo inayopanda kutoka Dar es Salaam naliona bora kuliko basi. Fuso nyingi hushuka zikiwa zimejaa viazi, mahindi na mchele, na mara nyingi hurudi na nafasi. Dereva anayetafuta mzigo wa kurudia atakubali bei nzuri, na kasha lako litasafiri bila kuwekewa kitu juu yake. Lifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori, kamwe lisiwekwe mwisho wa bodi, ambako mtikisiko ni mkubwa zaidi. Mwambie dereva pia kwamba kwenye kona na miteremko ya Kitonga mzigo usiofungwa huteleza, hata kama yeye ameizoea njia hiyo.

Treni ya TAZARA inafaa zaidi kwa shehena kubwa, kwa mfano karakana nzima inayohama. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Inapita Makambako, Mbeya na Tunduma, lakini haifiki Iringa mjini, hivyo mtu wa Iringa atahitaji gari la kuufuata mzigo wake Makambako. Mtikisiko wa reli ni mdogo kuliko wa barabara, isipokuwa mabehewa yanapounganishwa, ambapo mshtuko huja kutoka mbele na nyuma. Lielekeze kasha ili upande wenye sponji nene zaidi ukabili mwelekeo huo.

Ninanunua redio nje ya nchi. Ije kwa ndege au kwa meli?

Anza kwa kuelewa namna uzito unavyotozwa. Kampuni za vifurushi vya haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, kisha hutoza kwa namba hiyo au kwa uzito halisi, ile iliyo kubwa. Kwa mizigo ya kawaida ya ndege kigawanyo ni 6,000. Kasha letu la R-390A lina uzito wa ujazo wa kilo 32 na nusu kwa hesabu ya kwanza na kilo 27 kwa ya pili, ilhali uzito wake halisi pamoja na kasha unakaribia kilo 50. Utatozwa kwa uzito halisi kwa vyovyote vile. Maana yake ni kwamba zile sentimita 7 za sponji hazikuongezei nauli yoyote ya maana, na anayepunguza sponji ili kuokoa fedha za ndege haokoi kitu.

Kwa meli, mizigo midogo inayochanganywa kwenye kontena moja hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, na kwa kawaida kuna kiwango cha chini cha mita moja ya ujazo. Kasha moja la aina hiyo ni mita 0.16 tu. Makasha sita, bila kuhesabu miguu, hayafiki mita moja. Wapenzi sita wa redio kutoka Mbeya, Iringa na Njombe wakiagiza pamoja, kila mmoja atalipa sehemu ndogo ya gharama ambayo angeibeba peke yake, na ada za bandarini na za wakala wa forodha zitagawanywa vilevile. Kwa mitambo mizito sijaona njia nyingine inayopunguza gharama kiasi hicho bila kuhatarisha redio.

Posta inafaa kwa valvu, vipuri na mitambo midogo. Vifurushi vyake vya kimataifa kwa kawaida huishia kilo 20 au 30 kutegemea nchi vinakotoka.

Kasha la mbao linaruhusiwa kuvuka mpaka?

Mbao ghafi zinazotumika kufungashia mizigo ya kimataifa husimamiwa na kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, ambacho kinataka ubao utibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, kisha upigwe muhuri. Lengo ni kuzuia wadudu na magonjwa ya misitu. Plaiwudi haihusiki, kwa kuwa imeshapitia joto na gundi kiwandani. Fremu ya paini kutoka kwa seremala wa mtaani inahusika. Kwa kasha linalokwenda Zambia kupitia Tunduma, Malawi kupitia Kasumulu, au ng'ambo, tengeneza hata fremu na miguu kwa vipande vya plaiwudi vilivyobandikwa pamoja, na suala hilo halitakuhusu tena.

Ninahitaji ruhusa gani, na kodi hukokotolewaje?

Mtambo wowote unaorusha mawimbi uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Umri wa mtambo hauondoi wajibu huo. Omba ruhusa kabla mzigo haujaondoka ulikonunuliwa, kwa sababu mzigo unaosubiri barua bandarini hutozwa gharama za kuhifadhiwa.

Thamani ya forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hujumuisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli hadi inapoingilia, na juu ya hapo huongezwa ushuru na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Taja bei halisi kwenye ankara na ueleze kwa maneno ya wazi kwamba ni redio ya valvu iliyotumika, pamoja na mwaka wake ukijulikana.

Kuna vitu vya hatari ndani ya redio hizi?

Vipo, na jambo hili lichukuliwe kwa uzito. Valvu za kubadilishia umeme wa AC kuwa wa DC kama 866A zina zebaki, na zebaki haipakiwi kwenye ndege bila kutangazwa na kufungashwa kwa utaratibu maalumu. Kapasita kubwa za mafuta (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilizotengenezwa kabla ya Marekani kupiga marufuku utengenezaji wa PCB, kemikali yenye sumu, mwaka 1979 zinaweza kuwa na sumu hiyo. Inayovuja isisafirishwe, isifunguliwe wala isishikwe kwa mikono mitupu. Mita na vioo vya baadhi ya mitambo ya kijeshi na ya ndege vilipakwa rangi yenye radiamu, madini ya mionzi, ili ving'ae gizani, na rangi hiyo hubaki na mionzi hata baada ya kuacha kung'aa. Usiikwangue. Wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kabla ya kusafirisha kifaa cha namna hiyo. Betri zote, nzima au zilizovuja, zitolewe.

Bima inasaidia?

Inasaidia ikiwa una ushahidi. Risiti nyingi za mizigo huandikwa kwamba mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe, kwa hiyo kwa kitu cha thamani omba bima ya mzigo kwa maandishi na utaje thamani yake. Piga picha za redio kabla ya kufungwa, namba yake, hatua za kufungasha, na kasha likiwa limefungwa kabisa. Ukipokea kasha lenye tundu au pembe iliyopondeka, piga picha na uandike hali hiyo kwenye karatasi ya mapokezi kabla ya kuweka sahihi.

Nizingatie nini kuhusu mvua na baridi?

Kati ya Novemba na Aprili, izungushie redio nailoni ndani ya kasha na uweke vipakiti vya kukaushia unyevu. Redio iliyotoka kwenye baridi ya Njombe au Mbeya mwezi Julai ikifunguliwa kwenye joto la Dar es Salaam au Kyela, matone ya maji hujitengeneza juu ya chasisi yake ya baridi. Iache kasha likiwa limefungwa kwa siku nzima ili ipate joto taratibu.

Imefika. Naweza kuiwasha?

Bado. Ifungue kabati, rudisha valvu kwa kufuata namba ulizoandika, zungusha kila kishikio kwa mkono ili kusikia kama kuna kinachokwaruza, na uitikise kidogo kusikia kama kuna skrubu iliyoachia. Hakikisha swichi ya umeme iko kwenye volti 230, kwa sababu mitambo mingi ya Marekani hufika ikiwa kwenye 115. Mtambo wenye valvu za zebaki uache nyuzi za ndani ya valvu zipate moto kwa nusu saa bila kuwasha umeme wa volti kubwa, valvu zikiwa wima, ili zebaki iliyotawanyika safarini irudi chini.

Baada ya hapo unganisha balbu ya waya, yenye wati zinazokaribia zile za redio yenyewe, mfululizo na waya wa umeme wa redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, valvu zinapata moto na transfoma iko salama, na unaweza kuendelea na hatua ya kupima kapasita. Ikibaki iking'aa kwa nguvu zake zote, zima mara moja, chomoa waya, na uanze kutafuta hitilafu kwenye transfoma na kapasita za umeme.